Mkono wa Kulia Wagoma Chooni

Usiku wa jana, nikiwa nimelala nusu nimekaa kwa amri ya daktari, niliota mkono wangu wa kushoto umepewa likizo.

Ndio uliopasuliwa bega juzijuzi. Tangu hapo nakula vijiko viwili vya uji kwa siku, mke wangu, Mama Zuwena, akidhani ni dawa zinazonikatisha hamu. Si dawa. Nakwepa choo. Kwetu mkono wa kushoto hutawaza chooni, wa kulia hula na kusalimia, na kumwomba mke wangu anisaidie naona aibu mpaka basi.

Basi, ndotoni nimechuchumaa chooni. Mkono wa kushoto unachomoka kwenye kombeo, umebeba begi.

"Daktari kasema nisifanye kazi yoyote," unasema. "Naenda Tanga kwa shangazi."

Unaenda kweli. Nageukia wa kulia. Umekunja ngumi.

"Mimi? Mimi niliyesalimiana na kadhi? Hiyo kazi sikusomea."

Kopo linakohoa. "Amueni basi, maji yanapoa."

Choo si choo tena. Ni karamu ya harusi, nami bado nimechuchumaa, kanzu nimeiuma kwa meno. Wageni wamepanga foleni kunipa mkono. Sinia la pilau liko mbele yangu, njaa inanitoa machozi, na mkono wa kulia umejificha mgongoni. Nauvuta, hautoki. Foleni inasogea.

Mama Zuwena anapita katikati ya watu, ameshika upawa.

"Baba Zuwena, mikono yangu hii imewatawaza watoto wako wote, kisha ikakupikia. Umewahi kurudisha sahani?"

"Sijawahi," najibu, kanzu inanidondoka.

"Basi mwambie huyo bwana mkubwa afanye kazi, kisha anawe. Aache maringo."

Mkono unatoka mgongoni taratibu. Unalishika kopo.

Niliamka. Wa kushoto ulikuwa palepale kwenye kombeo. Lakini vidole vya kulia vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyefua mchana kutwa, na vilinukia sabuni.

"Mama Zuwena!" niliita. "Kuna chakula?"

"Kipo tele. Kwani leo umepona?"

"Bado. Pakua kingi. Halafu usiende mbali, nitakuhitaji chooni."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Nilisikia sufuria zikifunuliwa.