Ukigonga Mara Mbili

Aliingia na viatu, akakanyaga magodoro yetu ya mazoezi, na watu kumi tukapaza sauti kwa pamoja: "Viatu!"

Hakuna aliyemtarajia. Alikuwa mwanamke wa makamo, chanuo bado limechomekwa nyweleni mwake, kitambaa amekizungusha shingoni ingawa jasho lilimtiririka.

"Samahani," alisema akivua. "Mimi ni msusi wa hapo chini. Nataka kujifunza kitu kimoja tu. Mtu akikukaba, unatokaje?"

"Kwa mbio," alijibu mlinzi wa benki, mcheshi wetu. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Kocha alimweleza kwamba mchezo wetu ni wa kuokoteza: mateke ya karate, ngumi za ndondi, miangusho ya judo, chochote kitakachomrudisha mtu nyumbani akiwa mzima.

"Na kama ni huko huko nyumbani?" msusi aliuliza.

Kocha aliinama akaufunga upya mkanda wake, ambao haukuwa umelegea.

Nikapangiwa kuwa mwenzake. Nilikuwa na shahada ya ualimu na miaka miwili bila kazi, na Kocha alikuwa ameniahidi darasa la asubuhi kuanzia mwezi wa nne. Ingekuwa kazi yangu ya kwanza. Nilimfundisha msusi kwa moyo wote: shusha kidevu, tafuta kidole kidogo cha anayekukaba, kipinde kwa nje, geuka. Nikamfundisha na sheria kuu ya ukumbi: ukizidiwa, gonga mkono wa mwenzako mara mbili, naye ataachia papo hapo. Asiyeachia hufukuzwa siku hiyo hiyo, na harudi.

Miezi mitatu hakukosa Jumamosi hata moja. Vidole vyake vilikuwa na nguvu ya miaka ishirini ya kusuka. Tulirudia mara arobaini kwa siku. Akichoka anagonga, naachia, tunacheka. Niliamini kuna kitu tunajenga.

Kisha akapotea wiki mbili. Aliporudi, jicho moja lilikuwa jekundu pyu na sauti imekwaruzika. Alinivuta kando, penye ndoo ya maji.

"Mdogo wangu, baba watoto alinikaba."

"Ukafanyaje, dada?"

"Niligonga." Aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Mara mbili. Vizuri kabisa, kama ulivyonifundisha. Nikangoja aniachie."

Nilichota maji ndooni, nikampa.

"Watoto ndio waliopiga kelele, majirani wakaja."

"Si uhame, dada?"

"Niende wapi? Dada yangu ana chumba kimoja, watoto watano. Mama anasema ndoa ni kuvumilia. Polisi wameniambia tukayamalize nyumbani." Akanishika kiganja. "Niahidi kitu. Leo nikigonga, usiachie. Nataka mkono huu usahau."

"Kocha atanifukuza."

"Najua. Lakini hawa wengine wote wataniachia."

Nilitaka kumwambia kwamba yule bwana ana kilo mia na mimi hamsini na mbili. Kwamba hata akichomoka mikononi mwangu, jioni atarudi kule kule. Nikasema, "Nakuahidi."

Nilimkaba kwa nyuma, kwa nguvu kuliko siku zote. Mkono wake ukapanda. Ukagonga mara mbili.

"Achia!" Kocha aliita.

Ukagonga tena. Mlinzi wa benki alikatisha utani wake.

"Wewe! Nimesema achia!" Kocha alikuwa anakuja, nyayo zake zikilia juu ya magodoro.

Machozi yangu yalidondokea nywele zake. Nikamwambia sikioni, "Huyu haachii, dada. Tafuta kidole."

Kiganja kilitulia juu ya mkono wangu, hakijui pa kwenda. Kisha vidole vikaanza kutambaa, polepole, kama vinavyotafuta njia kwenye kichwa cha mteja.

Kocha alinishika bega akanivuta.

Sikuachia.