Sumbala Inayonuka Miguu

Mtaalamu wa kukagua vyakula alifika kwetu Jumatano asubuhi, na muhuri kwenye mkoba wa ngozi na karatasi yenye visanduku thelathini na viwili. Bila muhuri ule, sumbala yangu, kile kiungo cha mchuzi cha mbegu za mti wa nere zilizovundikwa mpaka zinuke, isingeingia kwenye duka ambalo chama chetu cha wanawake kilikuwa kimepewa mjini. Wenzangu wote walishapata. Nilibaki mimi, Korotimi Sanu, na wao wenyewe walijifunza kuchemsha mbegu za nere jikoni kwangu.

"Bibi," akaniambia, "mimi nimesomea harufu miaka minne."

"Pole, mwanangu. Kwani hukuzaliwa na pua?"

Majirani waliokuja kutazama wakacheka, yeye akaandika. Aliandika kila kitu.

Nikamfunulia kikapu. Ilikuwa siku ya tatu tangu niivundike. Siku ya kwanza harufu ya sumbala hulala, siku ya pili huamka, siku ya tatu hutembea. Ikishafika kwa jirani wa nne, toa mbegu uanike. Ya kwangu ilikuwa imeshafika msikitini. Mtaalamu alirudi nyuma hatua mbili, akaanza kutafuta kwenye visanduku vyake. Humo mlikuwa na waridi, ndimu, asali, moshi na ngozi mpya.

"Inakaribia ngozi mpya," akasema polepole.

"Ngozi ya nani?" akauliza Hamidu Diallo.

Hamidu ni Mfulani, muuza maziwa, mtani wangu tangu tuna meno yote. Sisi Wabobo na Wafulani hatusalimiani bila kutukanana. Siku Hamidu akiniambia neno zuri nitajua kuna msiba. Sasa mtaalamu alitaka waonjaji wawili, na mmoja lazima asiwe wa kabila langu, ili asinipendelee. Akamchagua Hamidu.

"Huyo ni mtani wangu," nikamwambia.

"Utani naujua, bibi. Ila karatasi haina kisanduku cha utani."

Hamidu akanusa, akafumba macho kama mtu anayeswali. Kisha akasema, "Inanuka miguu. Miguu ya Mbobo aliyeiba ng'ombe, akakimbia kutoka Banfora mpaka hapa bila kuvua viatu." Akachota konzi nzima akatia mfukoni. "Hii nakwenda kumtishia fisi."

Mtaalamu akaandika: miguu.

Wa pili alikuwa Sita, mjane wa nyumba ya pili. Alitia kidogo mdomoni, machozi yakamtoka.

"Unajisikiaje, mama?"

"Moyo unanilia, mwanangu. Mama yangu alikuwa akiifinya hivihivi, kwa vidole vitatu. Niongeze."

Mtaalamu akatia alama kwenye kisanduku cha huzuni.

"Andika na kwamba nimeomba niongezwe," Sita akasema.

"Hicho kisanduku hakuna."

Akajumlisha alama zake, akasimama, akasoma: "Inanuka miguu. Huleta huzuni. Haifai kwa wanunuzi." Akaanza kufunga mkoba, muhuri ukiwa bado ndani.

Sikupiga kelele. Mbegu ya nere inachemka kutwa nzima ndipo ilegee, na ukiiharakisha inakuvunja meno. Nikamsogezea kigoda.

"Mwanangu, tumekusikia, ila jina lako hatujalisikia."

"Barry."

"Barry hawa wa Kifulani?"

"Ndiyo, bibi, lakini..."

Hamidu akashika kichwa.

"Basi sumbala ya Mbobo imeonjwa na Mfulani, ikahukumiwa na Mfulani," nikasema. "Lini umesikia Mfulani akimsifu Mbobo? Maziwa yamekupanda mpaka kwenye kalamu."

"Bibi, mimi niko kazini."

"Na mimi niko kazini. Kazi yangu leo ni wewe. Onja, halafu unijibu kama mtoto wa Mfulani, usinijibu kama karatasi."

Ilibidi aonje, maana mtani akinuna ameshindwa. Akatafuna. Akaitazama karatasi, kalamu ikazunguka juu ya waridi, ikapita kwenye asali, haikutua. Akatafuna tena, safari hii taratibu. Mwishowe akaikunja ile karatasi.

"Bibi, hii inanuka kofia ya babu yenu, siku ile alipolewa pombe ya mtama akalala zizini kwetu, ng'ombe wakamhama."

Hamidu akapiga makofi. "Jamani, mtoto kazaliwa leo."

"Kwa hiyo inafaa?" nikauliza.

"Inafaa sana," akanong'ona, kama mtu anayetoa siri ya ofisi.

Lakini kilichoandikwa kwa wino haruhusiwi kukifuta. Akakuna kichwa, akakunjua karatasi, na pale palipoandikwa "Haifai kwa wanunuzi" akaongeza maneno matatu: "wasio na watani." Akagonga muhuri.

Huko mjini wanaobandika vibandiko hawaulizi, wananakili karatasi ilivyo. Pakiti za wenzangu zimeandikwa "harufu ya ngozi mpya yenye dokezo la asali," na watu wanauliza kama ni dawa ya viatu. Yangu imeandikwa: "Inanuka miguu. Huleta huzuni. Haifai kwa wanunuzi wasio na watani." Haifiki adhuhuri, imekwisha. Wafulani hununua mbilimbili, moja ya kula, moja ya kumpelekea mtani wao Mbobo.

Hamidu sasa anadai kwamba miguu ile ni maneno yake, hivyo anastahili fungu. Nimemwambia aje aichukue miguu yake, na asisahau viatu.