Una Hakika, Mama Elvis?

Vumbi lilikuwa jekundu siku hiyo, vumbi la trekta za miwa, vumbi lililopanda likakataa kushuka. Ndani yake Gentrix aliona shati la buluu likikimbia kutoka shamba la shemeji yake Hezekiah, na nyuma yake moto ukitambaa.

"Ni Makhanu," alimwambia polisi. "Nina hakika."

Neno lilitoka jepesi, kama pumzi.

Miezi minne Makhanu alilala rumande, na miezi minne neno lile halikumpa Gentrix raha. Alilifua pamoja na nguo, halikutakata. Alilisonga pamoja na obusuma, ugali wa jioni, halikuiva. Hakika! Aliipata wapi? Kudhani, alidhani. Kuamini, aliamini, kwa maana Makhanu na Hezekiah walikuwa wamegombania mpaka wa shamba hadi soko zima la Mayoni likasikia. Lakini kudhani ni kupapasa, na kuamini ni kuegemea. Hakika inataka macho.

Siku ya kesi, kwenye korido ya mahakama mjini Kakamega, aliketi, akasimama, akaketi tena.

"Shemeji, jiamini tu," Hezekiah alimnong'oneza. "Wewe huwanga na macho mazuri."

Akajiamini. Akakaza kitambaa kichwani, akapanda kizimbani kifua mbele. Hapo ndipo aliposhtuka: kujiamini kulikuwa kumemjaa tele, na hakika haikuwamo hata chembe.

"Shahidi, una hakika ni huyu uliyemwona?" hakimu aliuliza.

Makhanu alikuwa amekonda. Hakuinua uso.

"Shati nililiona," Gentrix akasema. "Uso niliuongeza mwenyewe."

Shahidi mwingine hakuwepo. Kesi ikaanguka. Hezekiah alimpita mlangoni kama anayepita nguzo, na tangu siku hiyo hajakanyaga kwake.

Nje, Makhanu alimngoja, mikono yake haijui ikae wapi.

"Asante, Mama Elvis. Asante kwa kuniamini."

Neno jepesi lilikuwa tayari ulimini, likimwasha, likitaka kutoka. Gentrix akalimeza.

"Sikukuamini, Makhanu. Sikuona, basi. Nisamehe kwa kusema niliona."

"Kwa hivyo bado unadhani ni mimi?" Makhanu akauliza.

"Sijui," akasema Gentrix.

Na hilo alilisema akiwa na hakika.