Damu Iliyofika Mguuni

Mwaka wa 1996 mwiba ulimchoma mume wangu Hared mguuni. Kwa sababu ana ugonjwa wa sukari, hakusikia maumivu mpaka vidole vikawa vyeusi. Hospitalini Garissa walimkata nusu ya wayo, wakabakisha kisigino. Kisha daktari akatuambia wazi: "Kidonda kisichofikiwa na damu hakiponi. Alhamisi nitakiangalia. Nikikuta nyama bado ya kijivu, nitakata juu ya goti."

Kwetu mwanamume hukamua ngamia akisimama kwa mguu mmoja, wa pili ameukunja, chombo kikikaa pajani.

"Sharifo," Hared aliniambia, "goti likienda, chombo nitakiweka wapi? Kichwani?"

Nilifunga siku tatu kwa dua moja tu: Ya Rabbi, fikisha damu.

Alhamisi asubuhi kaka yake, Barre, alifika kutoka Elwak na vumbi la lori kichwani. Sista Fatumo, muuguzi wa wodi, alikuwa akifungua bandeji. Kitambaa cha mwisho kilikuwa kimegandia kidonda. Alipokivuta, damu ikachuruzika mpaka kwenye shuka.

"Subhanallah! Mnamuua!" Barre alipiga kelele. "Kidonda hiki nitakichoma moto mwenyewe. Ngamia wangu nawachoma vidonda, na hawafi!"

"Mzee, huyu si ngamia," Fatumo akamwambia.

"Ngamia ana shukrani kuliko nyinyi!"

Akatoka mbio, akarudi na kijiti chenye moto kutoka jiko la muuza chai uani. Nilisimama mbele ya kitanda, nimetanua mikono. Daktari, aliyekuwa akiingia, akampokonya kijiti na kukitumbukiza katika ndoo ya maji. Kisha akainamia kidonda. Akabonyeza ngozi, akaachia, akahesabu: moja, mbili. Rangi ikarudi.

"Hii ndiyo damu niliyokuwa nikiisubiri!" akasema kwa sauti kubwa. "Tazameni nyama ilivyo nyekundu! Mzee, ungeichoma, leo ningekata goti kweli."

Barre akasogea, akainamia kidonda naye. "Kwa hiyo damu imebata njia?"

"Bata?"

"Imebata! Imebata!"

Fatumo alicheka mpaka akashika kitanda. "Imepata, daktari. Huyu hajawahi hata kumwona bata."

Daktari akatuma ujumbe chumba cha upasuaji: leo hakuna kukata. Hared alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Mimi niliuliza kibla kiko upande gani, nikasujudu hapo hapo kati ya vitanda, Alhamdulillahi, Alhamdulillahi, mpaka Fatumo akanigusa bega.

"Abaayo, dada yangu, inuka kidogo. Machela inataka kupita."