Simiti Juu ya Mwamba

Wageni wa Kitale walipotuma habari kwamba wanakuja kuutazama mwamba, Peris alifanya ambalo mwanamke yeyote wa Kabuchai angefanya: alisafisha. Aliwakusanya akina mama wa kanisa, wakang'oa nyasi, wakafagia mavi ya mbuzi, wakayapaka mawe ya kando chokaa kama ya kambi ya chifu. Na kwa kuwa mwamba wenyewe ulikuwa na mifuo mirefu iliyokwisha kumwangusha mtu zaidi ya mmoja, wakaiziba yote kwa simiti na kuilainisha kwa mwiko, mpaka ikawa kama sakafu ya sebule.

Mifuo hiyo ndiyo wageni waliyokuwa wanaijia.

Babu yake Peris na wenzake walinolea mikuki yao pale, wakashuka kwenda kupigana na bunduki za Mzungu. Hawakurudi, na hakuna aliyeonyeshwa walikozikwa. Mwamba ndio uliobaki wa kuwataja. Sasa, mwaka wa 2004, wakubwa fulani walikuwa wamempa mkandarasi ruhusa ya kuulipua apate kokoto za barabara, na hawakumwuliza mtu. Kila ofisi aliyoingia Peris mjini Bungoma ilimjibu vilevile: neno lako mama ni hadithi, lete neno la wataalamu. Ndiyo maana akakitafuta chama cha wahifadhi wa mambo ya kale huko Kitale, watu wa kuchora majengo, kupima ardhi na kuchimbua mabaki.

Walikuja wawili: mwenyekiti Kang'ethe, msanifu wa majengo, na Chepkemei, mchimbuaji kutoka upande wa Mlima Elgon. Chepkemei aliuzunguka mwamba, akauzunguka tena.

"Mama, ile mifuo iko wapi?"

"Tumeziba, msichana wangu. Si mngeanguka?"

"Mmeziba na nini?"

"Simiti! Hata mvua ya mawe haiwezi kutoa."

Kang'ethe alivua kofia. Sifuna, nyapara wa mkandarasi na mtoto wa kaka yake Peris, alicheka mpaka akaegemea kompresa yao ya kutobolea mawe.

"Shangazi, si ungeniita bana? Tungeweka na kochi hapo, na kitambaa!"

"Nyamaza wewe. Hata mama yako alishika mwiko hapa."

"Mama Peris," Kang'ethe alisema, "chama hakiwezi kuapa juu ya kitu ambacho hakioni. Tukiandika mifuo ipo, mkandarasi atatuita waongo, na atakuwa na haki."

"Na Jumatatu tunalipua," Sifuna akaongeza.

Jumamosi Peris akapanda kwenda Kitale, ambako chama kilikutana katika ukumbi wa kanisa. Walimpa kiti nyuma na chai baridi. Aliwasikiliza watu wazima wenye miwani wakikubaliana kwamba mwamba umeharibika na jina la chama haliwezi kuchafuliwa kwa ajili yake. Akasimama kabla ya kuruhusiwa.

"Kuna nyumba ya Mzungu hapa Kitale mmeiwekea kibao, ati ni ya kale. Mimi nilifua nguo hapo mwaka tulipopata uhuru. Paa ilikuwa ya nyasi. Leo iko na mabati. Nani kati yenu alilia?"

Mtu alikohoa. Kang'ethe, ambaye baba yake alinunua shamba lililopakana na nyumba hiyo Wazungu walipoondoka, ndiye aliyejibu.

"Mabati yaliandikwa kwenye ripoti, Mama."

"Basi andikeni na simiti yangu."

Hapo ndipo mazungumzo yalipogeuka. Mzee mmoja mpima ardhi alisema simiti mbichi hutoka, ila kwa patasi ndogo na brashi, na mtu akipiga magoti. Alikadiria miezi. Peris akashika kichwa.

"Miezi! Jumatatu baruti inalia!"

"Baruti hailipuliwi penye watu kazini," Kang'ethe alisema polepole, kama mtu anayejisikiliza mwenyewe. "Hiyo ni sheria, na mkandarasi anaijua. Tukianza Jumatatu alfajiri..."

Wakapiga kura. Wengine walikataa, lakini hawakutosha.

Jumatatu Sifuna alipofika na watu wake, alikuta wataalamu wanne wamepiga magoti juu ya mwamba, na jaketi za kung'aa mgongoni.

"Mtamaliza lini?"

"Kazi hii haitaki haraka," Chepkemei alisema bila kuinua kichwa.

Na kweli hawakuwa na haraka. Walikwangua kipande cha ukubwa wa ukucha, wakapiga brashi, wakapima, wakaandika, wakanywa chai ya Peris. Wiki ya kwanza Peris mwenyewe aliona ni wazimu.

"Nipe nyundo, msichana wangu, nimalize leo."

"Ukimaliza leo, Mama, kesho wanalipua."

Peris akaketi. Tangu siku hiyo hakuitaja tena nyundo.

Mfuo wa kwanza ulipofunguka, ukingo wake ulikuwa umebanduka pamoja na simiti. Chepkemei aliliandika hilo pia: uharibifu huu ulifanywa na akina mama wa Kabuchai wakiwakaribisha wageni. Peris alipitisha kidole ndani, mpaka mwisho, palipokuwa pazima. 

Chama kiliapa, ripoti ikaenda Nairobi, na huko ikalala kwenye meza ya mtu. Juu ya mwamba ukabaki mfuo mmoja wa kufungua.

"Tutamaliza Ijumaa," Kang'ethe alisema.

"Gazeti la Serikali limetangaza kwamba mwamba unalindwa?"

"Bado."

"Basi huo uacheni."

"Mama, chama kiliahidi kumaliza."

"Nani amesema hamtamaliza? Fanyeni vile mlinifunza."

Kang'ethe alimtazama Chepkemei. Chepkemei akatoa brashi iliyo ndogo kuliko zote.

Bado anakuja kila wiki, anapiga magoti, anakwangua kidogo. Mkandarasi alichoka kungoja, akahamisha kompresa yake hadi kilima cha jirani. Hicho hakikuwa na chama cha kukitetea, na waliozikwa humo, kama wapo, hakuna aliyewauliza. Sasa ni barabara, na magari yanaenda vizuri.