Vibao Vilivyofutwa

Kwaru, kwaru. Hata hakujapambazuka, bibi alikuwa jikoni akisugua vibao vya kuandikia kwa kitambaa kibichi. Jana mjukuu wake alivijaza hesabu pande zote. Sasa havikuwa na hata nukta. Ndivyo watu wa dini yao, nyumba chache tu katika mji mzima, walivyofundisha watoto tangu zamani: kilichoingia kichwani hakiachwi kwenye maandishi, kisije kikawa majivuno.

"Mama! Umefuta?" Mke wa mwanawe alisimama mlangoni, mikono kichwani. "Na mkaguzi wa mahakama anakuja leo!"

Bibi akakiweka kitambaa chini. Mazoea yana taabu. Hakimu alitaka ushahidi kwamba mtoto anafundishwa nyumbani. Ukikosekana, Jumatatu angeamuru apelekwe shule, watake wasitake.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema. "Aje. Mimi sikimbii."

Mkaguzi akaja saa tatu, mama wa makamo mwenye faili nene. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na bibi akaliona hilo.

"Madaftari yako wapi, bibi?"

"Hatuna. Na vibao nimevifuta mwenyewe."

"Sasa niandike nini? Kwamba nimeona vibao vitupu?"

"Andika utakachosikia. Mpe asome chochote chako, usije ukasema amekariri."

Mkaguzi akapekua faili, akatoa karatasi iliyokuwa juu: hati yenyewe ya mashtaka. Mjukuu, msichana wa miaka tisa, akaisoma hadi mwisho, akijikwaa neno moja tu. Kisha akainua macho kumtazama mkaguzi.

"Shangazi, hapa pameandikwa 'mtoto asiyepata elimu.' Ni nani huyo?"

Kicheko kikamponyoka mkaguzi. "Bibi, huyu atakuwa wakili!"

"Heri awe fundi bomba. La jikoni linavuja mwaka wa pili huu."

Zikafuata hesabu nne ngumu kibaoni. Moja msichana aliikosa. Bibi alikalia mikono yake, hakumsaidia. Mkaguzi akanakili kibao kizima kwenye faili, kisha akamrudishia bibi kitambaa.

"Futeni sasa. Hakimu ataamua mwenyewe. Mimi napeleka nilichokiona."

"Na ile aliyokosa umeiandika?"

"Nimeiandika."

"Vizuri. Basi hakimu atakuamini na kwa zile tatu."

Mlangoni bibi alimshikilia mkono.

"Mwanangu, Jumatatu iende itakavyokwenda, uje tena kututembelea. Hata kama hujatumwa."