Siku ya Kuzima Pampu

Umeme ulikatika saa moja jioni, na nyumba ilipotulia gizani, Mama Kidoti akasikia kitu jikoni kikinywa maji. Kluk, kluk, kluk, kisha krrr ndefu, kama mtu anayemalizia soda kwa mrija. Akapapasa ukuta hadi mlangoni, na hatua ya kwanza tu akakanyaga maji.

Mama mkwe wake alikuwa akivuta maji kwa mpira kutoka kwenye pipa kwenda kwenye ndoo. Taa zilipozimika aliuacha mpira humo humo akaenda kutafuta kibiriti. Ndoo ikajaa, ikafurika, mpira wala haukujali. Uliendelea kuvuta mpaka maji ya pipa yaliposhuka chini ya mdomo wake, ukameza hewa, ukanyamaza.

Mtu mwingine angetafuta tambara. Yeye alisimama pale pale, miguu imelowa, akichekelea.

"Mama, njoo uone. Sebule yetu ilikuwa inakwenda kufurika."

"Hapo ni jikoni," mama mkwe akajibu kutoka gizani. "Sebuleni hakuna hata kikombe cha maji."

"Bado tu."

Bado, kwa sababu tangi la samaki lilikuwa limekaa tupu sebuleni wiki ya tatu sasa. Mumewe, dereva wa lori la kuhamisha vyombo, alipewa na ofisi moja iliyokuwa ikifungwa. Lilikuwa la kioo, urefu mita mbili, na lilipoingia mlangoni wanaume wanne walikuwa wakihema kama waliobeba ng'ombe. Halikuja na bomba hata moja. Kidoti, binti yao wa miaka minne, aliona samaki humo siku ile ile. Mama yake aliona njia za maji. Mwaka mzima alikuwa akienda darasa la jioni la ufundi bomba mara mbili kwa wiki, akifunga jointi za mazoezi ambazo hazijawahi kupitisha tone la maji, na sasa hapa, kwenye sebule yake mwenyewe, palikuwa na lita mia saba zinazomsubiri aziambie ziende wapi.

Ila sebule ile ilikuwa pia karakana ya mama mkwe. Cherehani lilikaa dirishani, vitambaa vya wateja vikapangwa kwenye zulia hadi miguuni pa kochi, na sharti lake lilikuwa limeshatolewa: tone moja likigusa zulia, tangi linaondoka. Mwenye duka la vioo, aliyetaka kulinunua, alishapita mara mbili kuligongagonga kwa vidole kama anayechagua tikiti maji.

Kwa mwanga wa simu Mama Kidoti akautandaza mchoro wake mezani. Aliuchora kwenye karatasi ile ile ya kaki ambayo mama mkwe hukatia mitindo, kwa hiyo upande wa nyuma kulikuwa na mkono wa gauni.

"Tazama, mama. Tangi kubwa liko juu, dogo liko chini kabatini. Maji yanamwagikia kwenye bomba hili la pembeni, yanashuka chini, yanapita kwenye sponji yanasafishwa, halafu pampu inayarudisha juu kwa bomba hili. Yanazunguka hivyo mchana na usiku."

"Hilo ulishanieleza mpaka nikaota."

"Sikukueleza umeme ukikatika. Pampu ikifa, bomba la kupandisha linageuka kuwa mpira wako wa jikoni. Linaanza kuvuta maji kuyarudisha chini. Mdomo wake niliuchora sentimita ishirini ndani ya maji. Kila sentimita moja ya tangi hili ni lita kumi na mbili. Ishirini mara kumi na mbili?"

"Usinipe hesabu njaa inaniuma."

"Mia mbili arobaini. Na tangi la chini lina nafasi ya sabini tu."

Mama mkwe akageuza macho kwenye vitambaa vyake. "Kwa hiyo mia moja sabini..."

"Kwenye zulia."

"Basi imekwisha hiyo. Mpigie mwenye vioo."

"Haijaisha, ndiyo kwanza imenoga." Akachukua penseli akatia nukta kwenye bomba, juu, chini kidogo tu ya uso wa maji. "Nikitoboa hapa, sentimita mbili chini ya maji, maji yakishuka kufika hapo tu, kitundu kinavuta hewa na bomba linaachia. Zitashuka lita ishirini na nne, na zile za kwenye mabomba, weka jumla thelathini. Chini kuna nafasi ya sabini."

Mama mkwe aliinama kuitazama nukta ile. Ndipo akasema polepole, kama anayesoma vipimo vya mteja: "Umeacha nafasi ya mshono."

"Hasa."

"Jumamosi utalizima mbele yangu. Likimwagika, jioni hiyo hiyo nampigia simu mwenye vioo. Sitasikiliza kilio cha mtu, wala cha mjukuu."

Siku zilizofuata Mama Kidoti alikuwa hakamatiki. Alikata mabomba uani, akayasugua miisho kwa msasa, akapaka gundi, akahesabu hadi thelathini akiwa ameshikilia kila jointi kama mtoto mwenye homa. Alitoboa kitundu chake kwa drili ya kuazima darasani, kidogo kama punje ya mtama, na mumewe alipomuuliza kwa nini anatoboa bomba jipya alimwambia aendeshe lori lake. Jumamosi asubuhi wakaanza kujaza. Tangi lilipofika robo tatu aliijaribu pampu kwa dakika moja, ikapandisha maji vizuri sana, naye akakimbilia jikoni kuongeza mpira mwingine wa kujazia. Aliporudi mama mkwe alikuwa ameketi kwenye cherehani, anashona, hana habari.

Saa tisa kila kitu kilikuwa kinazunguka. Maji yalishuka, yakapita kwenye sponji, yakapanda. Mama Kidoti alizunguka tangi mara tatu akigusa kila jointi kwa karatasi kavu, na kila mara karatasi ilirudi kavu, naye akawa anacheka peke yake. Kisha akachukua chaki ya kushonea akachora mstari kwenye kioo cha tangi la chini.

"Kidoti, lala hapa kifudifudi. Maji hayatavuka mstari huu. Kazi yako ni kuyaangalia. Baba Kidoti, chomoa."

Mumewe akachomoa. Pampu ikakata sauti. Maji ya chini yakaanza kupanda.

"Yanakuja," Kidoti akasema.

"Yaache yaje, ndiyo kazi yake."

Yakafika kwenye mstari. Yakauvuka.

Mama Kidoti akapiga magoti. Kidole kimoja juu ya mstari, viwili. Juu, kwenye tangi kubwa, uso wa maji ulishapita kitundu chake na kukiacha wazi hewani, na bado bomba lilikuwa linavuta kama ndama.

"Nichomeke?" mumewe akauliza, plagi mkononi.

"Usichomeke."

"Mke wangu, yanafika ukingoni."

"Umeme ukikatika kweli utamwomba nani achomeke? Acha kwanza." Alikuwa ameshapanda kwenye stuli, uso karibu kabisa na bomba. Kitundu kilikuwepo, mahali pake, lakini hakikuwa cheusi. Kilikuwa na rangi ya asali. Akakigusa, kidole kikateleza. "Hii ni nta. Nani ametia nta hapa?"

Cherehani likasimama.

"Asubuhi, maji yakiwa hayajafika juu, bomba lilikuwa linatema mate," mama mkwe akasema. "Lilinirushia maji kwenye gauni la bibi harusi. Nikasema binti wa watu ametoboa bomba kwa bahati mbaya na anaona aibu kusema. Nikaliziba kwa nta yangu ya uzi, nikusitiri."

"Mama, ndiyo nukta yangu ile."

"Kwenye karatasi ilikuwa kubwa."

Mumewe alishika mdomo, haijulikani kama ni hofu au kicheko. "Vimebaki vidole vitatu kufika ukingoni," akasema.

"Sindano," Mama Kidoti akasema, ameukunjua mkono nyuma bila kugeuka.

Mama mkwe alichomoa moja kwenye kifua cha blauzi yake, akavuka sebule akikanyaga vitambaa vya wateja kwa miguu yake mwenyewe, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akaiweka kwenye kiganja kile. Mama Kidoti akachoma nta. Ikaingia nusu. Akaishika kwa mikono miwili, akasukuma na kuzungusha, na kipande cha nta kikadondokea ndani. Bomba likavuta pumzi ndefu yenye mikwaruzo, maji yakakatika katikati yakaanguka pande zote mbili.

Hakuna aliyesogea. Mama mkwe alikuwa amemshika mkwewe kiunoni asianguke kwenye stuli, macho yote mawili yako kwenye zulia. Mumewe aliinama nusu, plagi ikining'inia.

Chini, kidevu sakafuni, Kidoti aliukodolea macho ukingo wa kioo na upana wa kidole uliobaki.

"Maji yamesimama," akasema.